Nzi wa Nane

Namshukuru Mungu aliyenipa pumzi ya leo, na macho ambayo bado yanaona tundu la sindano. Sifa zote ni zake. Yeye alikuwapo siku ninazotaka kuzieleza, ingawa siku hizo nilimwogopa mwanadamu kuliko nilivyomwogopa Yeye.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Mimi ni mzaliwa wa Uyole, lakini kazi ilinipeleka Mufindi, huko Iringa, nikawa mpishi wa meneja wa shamba la chai. Mke wangu alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza, hajatimiza hata siku kumi. Tuliishi katika chumba kimoja nyuma ya nyumba kubwa, na chumba kile kilitolewa pamoja na kazi. Mtunza bustani alipofukuzwa kwa kuvunja kioo cha dirisha, aliondoka asubuhi, na jioni ile ile mtu mwingine alikuwa anapika kwenye mafiga yake. Ulikuwa mwezi wa saba. Ukungu haukuinuka hadi saa nne, na kutoka pale hadi kwa mama yangu ilikuwa safari ya siku mbili juu ya lori.

Meneja alipenda kuvua trauti, samaki ambao Wazungu waliwaleta wakawaachia katika mito yetu ya baridi. Hakutumia minyoo. Alitumia nzi wa bandia: ndoana ndogo kuliko ukucha wa mtoto, iliyozungushiwa uzi na unyoya wa shingo ya jogoo, mpaka vinyweleo vikasimama pande zote kama miguu ya mdudu. Vinyweleo hivyo ndivyo vilivyomweka nzi juu ya maji. Nzi akizama, hafai. Mara nyingi aliniita nimshikie uzi wakati anafunga, nami nilikuwa naangalia.

Alhamisi moja alirudi kutoka mtoni amelowa chapachapa, akanikabidhi koti lake na kisanduku cha nzi.

"Kausha," alisema.

Jumamosi mgeni wake, mkubwa wa kampuni, angekuja kutoka Iringa mjini kuvua.

Kwetu kila kitu hukaushwa juu ya moto. Mbegu za mahindi, viatu, hata tumbaku ya babu yangu ilining'inia juu ya mafiga. Sikuwaza lolote. Nilifungua kisanduku, nikakiweka kwenye rafu ya chuma juu ya jiko la kuni, nikaenda kuchota maji. Niliporudi, harufu ya nywele zilizoungua ilinipokea mlangoni. Nzi wote wanane walikuwa wamejikunja, weusi. Nilipowagusa wakawa majivu, zikabaki ndoana tupu.

Nikakaa juu ya debe la maji. Nilimwona mke wangu juu ya lori na mtoto kifuani, upepo wa baridi ukiwapiga. Sikuona kitu kingine.

"Mwambie leo," alisema mke wangu nilipomweleza.

"Nimwambie, halafu ninyi mlale wapi?"

"Sasa utafanyaje?"

"Nitawafunga mwenyewe."

Alicheka kwa mara ya kwanza tangu ajifungue. "Wewe? Hata vifungo vya shati nakushonea mimi, baba!" Lakini alinipa uzi wake wa darasa la ushonaji la misheni, na kipande cha nta.

Mama mkwe alikuwa ameleta jogoo mwekundu kwa ajili ya supu ya mzazi. Ijumaa, meneja alipokuwa kiwandani, nilimchinja. Nikafanya kama mpishi yeyote: nilimmwagia maji ya moto, nikamnyonyoa, nikaanika manyoya ya shingo juani. Nikafunga nzi wa kwanza, nikamweka ndani ya beseni. Alizama kabla sijaondoa mkono. Maji ya moto yalikuwa yameua ugumu wa unyoya wote.

Hofu ilirudi, safari hii nzito zaidi, kwa sababu jogoo alikuwa amekwisha na siku ilikuwa inakwisha. Nikakimbia kwa jirani yetu, mzee wa kanisa, aliyekuwa na jogoo mwekundu.

"Shikamoo, Mzee. Naomba manyoya ya jogoo wako."

"Marahaba. Manyoya tu? Na jogoo mwenyewe?"

"Abaki kwako."

"Kumbe Wazungu siku hizi wanakula manyoya!" Alimkamata jogoo kwapani, nami nikayang'oa moja moja shingoni. "Jumapili akiona aibu ya kuwika, utakuja kuwika wewe. Tena mapema."

Yalitosha nzi saba. Wa saba nilimfunga mwanga wa jua ukiwa umebaki kidogo dirishani. Nafasi ya nane ingeonekana tupu, kwa hiyo nikamweka pale yule wa maji ya moto.

Jumamosi nilibeba kikapu cha chakula hadi mtoni. Meneja alichukua nzi wa kwanza, akampaka mafuta, akamrusha. Alielea. Samaki mmoja alipatikana, kisha wa pili. Nilisimama nyuma yao nikiomba. Leo naona aibu kusema nilichokuwa naomba: nilikuwa namwomba Mungu aufanye uongo wangu uelee.

Kisha nzi wa mgeni akanasa mtini, uzi ukakatika. Meneja akamnyooshea kisanduku achague mwingine. Samaki mkubwa alikuwa anacheza chini ya majani, ng'ambo ya mto. Kidole cha mgeni kilipita juu ya wa tano, wa sita, kikasimama juu ya wa nane. Akamfunga.

Ningeweza kunyamaza. Sikujua kwamba ninasema mpaka niliposikia sauti yangu.

"Bwana, huyo atazama."

Meneja aligeuka. "Wewe najua nini?"

Nikasema yote: jiko, jogoo wa mzazi, jogoo wa jirani. Meneja akamtafsiria mgeni. Mgeni alimdondosha yule nzi majini, karibu na kiatu chake. Alizama. Mgeni akacheka. Meneja hakucheka. Alimpa nzi mwingine, wakaendelea kuvua.

Jioni nilipika samaki wale. Mke wangu, niliyempitia kwanza na kumweleza, alikuwa amekwisha kufunga mzigo: sufuria, blanketi, nguo za mtoto. Nikaitwa barazani. Kisanduku kilikuwa mezani.

"Ile moja ya kuzama, fungua, funga tena," alisema. "Na ile jogoo ya jirani, kesho mimi nataka ona." Akanisogezea kisanduku. "Kisanduku, hapana weka jikoni tena."

Sikuambiwa zaidi ya hayo. Nilirudi chumbani. Mke wangu alisimama akiwa na mtoto mgongoni, macho yake yananiuliza. Nikapiga magoti, nikaanza kufungua mafundo ya mzigo, moja baada ya jingine, mpaka akaelewa.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Bwana akulinde, nyumba yako isiondolewe juu yako, na siku ya hofu akupe neno la kweli kabla hujachelewa. Amina.