Usaili wa Sebuleni

Bosi alikuwa bosi wa jina tu, maana kazi hakuwa nayo. Mshauri wa ajira akamwambia kwamba kabla ya usaili afanye mazoezi nyumbani, na mkewe awe mwajiri.

Lo! Mkewe akalivalia njuga. Alimkalisha mumewe na suti yake kwenye benchi la korido asubuhi nzima, bega kwa bega na fundi bomba, fundi naye kavaa tai. Bosi akadhani bomba la jikoni linavuja tena.

Hatimaye akaitwa sebuleni.

"Mama Watoto, joto hili na suti..."

"Niite mheshimiwa. Udhaifu wako ni upi?"

"Najituma kupita kiasi," akajibu, kama alivyofundishwa.

Mkewe alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akakaza uso. "Haya. Una swali?"

Mshauri alikuwa amesisitiza: usitoke bila kuuliza swali. Bosi akakohoa kidogo.

"Ndiyo, mheshimiwa. Nafasi yenyewe ni ya kazi gani?"

"Ya mume," akasema mkewe. "Tutakupigia simu. Ukitoka, mwambie anayefuata aingie."