"Apana" ya Amira

Saa moja na nusu asubuhi, Mwantum anasimama mlangoni mwa ghala moja la mtaa wa Buyenzi, amejitia sauti tamu ya kilaghai.

"Leo mi si mwalimu, mi ni mutu humujui. Njoo, mutoto wangu, mama yako amenituma nikupeleke kwenu."

Muadh, mwenye miaka kumi na mmoja na akili inayokwenda taratibu, anacheka na kumpa mkono. Wenzake wanamzomea.

"Tuanze tena," anasema mwalimu.

Mara ya nne Muadh anaficha mkono mgongoni na kusema "apana" kwa nguvu, hadi wapita njia wanageuka. Ndipo vitabu vinapofunguliwa.

Ni mwaka 1997, vita viko katika mwaka wa nne, na vikwazo vya nchi jirani vimefanya hata chaki iwe anasa. Mwantum, mwenye miaka arobaini na mitatu, ana wanafunzi kumi na mmoja wenye ulemavu, wote waliokataliwa na shule nyingine. Mshahara hana. Wazazi humletea walichonacho, wiki hii unga, wiki ijayo makaa. Barabara ya Musaga ikifungwa, wawili hawafiki.

"Watu wananiambia niwafundishe kusoma tu, mengine ni michezo," anasema. "Lakini kwenye bariyeri ya askari barabarani nani atamuuliza mutoto kusoma? Mwenye hajue kusema apana, kila mutu atamubeba."

Somo hilo sasa limemtia matatani.

Ijumaa iliyopita, watu wakitoka msikitini, mfanyabiashara wa vitambaa Mzee Suud alikuwa akigawa sadaka kama kawaida yake. Akamwona Amira, msichana wa miaka kumi na mitatu anayetembea kwa magongo, akimsubiri mama yake. Hakuuliza kitu. Akamtia noti mkononi na kumwita masikini.

Amira akamrudishia noti ile kwa mkono wa kulia, kwa adabu zote.

"Apana, baba. Mi si masikini. Mi ni mwanafunzi."

Watu wakacheka, na mzee akaondoka uso umemshuka. Ubaya ni kwamba ghala wanalosomea ni lake. Amewaachia bure kwa miaka mitatu.

Jioni ile akatuma ujumbe kwamba mtoto aje kuomba samahani pale pale msikitini, la sivyo ufunguo urudishwe Jumapili ya wiki inayofuata.

"Sadaka ni ibada," Mzee Suud alimwambia mwandishi huyu dukani kwake, bila hasira. "Mutoto ananirudishia ibada yangu mbele ya watu, na iko mwalimu mwenye alimufundisha. Mi niliwakosea nini?"

Mama yake Amira, Mwanamwema, angependa yaishe. "Mwalimu, tuombe tu samahani, watoto wabaki na pahali."

Mwantum hafichi kwamba aliogopa. Alijua Mzee Suud ni mtu mwema, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, maana mtu mbaya ungemkatalia bila kufikiri. Kisha akamuuliza Amira mwenyewe anataka nini.

"Nikiomba samahani," Amira alimjibu polepole, maana ulimi wake nao ni mzito, "kesho Muadh atampa mukono mutu yeyote."

Hapo mwalimu akakata shauri.

Kaka wa Mwantum, Seifu, fundi wa magari, amekubali kuwasogezea magurudumu na injini mbovu ili wapate kona ya gereji yake. Jana asubuhi alikuja mwanamke kutoka Kanyosha, amemshika binti yake mkono. Habari za msikitini zilikuwa zimemfikia.

"Huyu wangu anakubalia kila mutu," alisema. "Mumufundishe ile neno."

Kwa hiyo Jumatatu, kwenye harufu ya oili, wanafunzi watakuwa kumi na wawili. Kabla ya hapo Mwantum ana safari moja fupi, yeye na Amira, kwenda dukani kwa Mzee Suud na ufunguo.

"Tutamwamukia vizuri," anasema, huku akifunga kitenge chake upya. "Tutamushukuru kwa miaka yote mitatu, na tutamuombea dua. Samahani, apana."