Mkonga Uliokwama Buswahili

Siku ya kwanza kazini sikugusa usukani. Niliripoti kwenye gereji ya serikali pale Musoma, suruali nimeipiga pasi mpaka imesimama, leseni mpya mfukoni, nikijua leo mji mzima utaniona. Mkuu wa Gereji, mtu mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, akaniangalia kuanzia viatu kwenda juu. Kisha akanyoosha kidole chini ya gari.

"Mura, kijana, lala hapo. Ukishajua linavyotembea, ndiyo utaliendesha."

Nililala kwenye oili wiki nzima, na suruali ile sikuivaa tena.

Gari lenyewe lilikuwa mkonga. Nyie vijana bado mnayaona yakipita barabara ya Mukendo pale mjini, marefu, yenye bomba jeusi lililopanda ubavuni hadi usawa wa paa. Bomba hilo ndilo mkonga: injini inavuta hewa kule juu, hata ukivuka mto isinywe maji. Urembo hakuna. Viti vigumu, vioo vya kuzungusha kwa mkono, na joto linakuchoma miguu. Lakini jamani, lile gari! Nililipenda, na sioni haya kusema.

Jambo moja Mkuu wa Gereji alilishika kama dini. Katikati ya kila gurudumu la mbele kuna kifuniko cha chuma, sisi tulikiita friwili. Kwenye barabara kavu unakiacha wazi, gari linakuwa jepesi. Ukifika kwenye tope unashuka, unakizungusha kwa mkono kijifunge, kushoto na kulia, ndipo unapanda na kuvuta ile gia fupi inayoyapa magurudumu yote manne nguvu. Ukivuta gia bila kufunga friwili, ya mbele hayapati kitu, yanafuata tu.

"Nani anashuka?" alikuwaga anatuuliza kila asubuhi.

"Dereva!"

"Hata akimbeba nani?"

"Hata akimbeba waziri!"

Nikahamishiwa Bunda kumwendesha Ofisa Mifugo, mtu asiyejua kusubiri. Udongo mweusi wa mbuga kule ukinyeshewa unanata vibaya. Siku moja nimeinama nafunga friwili, akatoa kichwa dirishani: "Wee dereva, unachezea nini huko chini? Ng'ombe wa watu wanakufa!" Nilimaliza, nikanawa kwenye dimbwi, tukapita katikati ya malori mawili yaliyokwama. Kuanzia hapo alikuwa anashuka mwenyewe kufunga ya kushoto, mimi nafunga ya kulia, na hakukuwa na mtu wa kumwambia kwamba hiyo si kazi ya ofisa.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Butiama, Idara ya Afya. Nilibeba chanjo, nilibeba wagonjwa, masika na kiangazi, na mkonga niliopewa huko haukuniacha njiani hata mara moja. Akina mama wengi wa kijiji cha Buswahili walifika hospitali ndani yake. Nilijiona mtu mkubwa, kusema kweli.

Ndiyo maana siku ya kustaafu iliniuma. Wakubwa wote walikwenda kikaoni, hakuna hata aliyenipa mkono. Nilimkabidhi funguo Bhoke, binti aliyetoka kuendesha magari madogo mjini.

"Mzee, kuna chochote cha kuniambia?" akauliza kwa heshima.

"Gari ni gari," nikamjibu, nikaondoka zangu. Nilikuwa nimenuna kama mtoto.

Masika ya mwaka huu Bhoke akaja nyumbani, barua mkononi, macho mekundu. Alikuwa amekwama kwenye tope la Buswahili na mama mwenye uchungu wa kuzaa. Vijana walimbeba yule mama kwenye machela hadi zahanati. Alijifungua salama, Mungu ni mwema, lakini barua ilimtaka Bhoke ajieleze kwa nini asiondolewe kwenye usukani. Mkonga nao uliingizwa kwenye orodha ya mnada, ili idara iletewe yale magari mapya ya kubonyeza vitufe.

"Mzee, gia ya nguvu naivuta, inaingia, lakini yanazunguka ya nyuma tu. Fundi kasema gari limechoka."

"Friwili unafungaga?"

"Friwili ndiyo nini, mzee?"

Kesho yake tukaenda hadi ofisini. Friwili zote mbili zilikuwa zimeshika kutu zikiwa wazi. Tulizipaka oili, tukazilegeza kwa koleo, nikamwomba Mganga Mkuu, mkubwa wa idara, apande nasi mpaka kwenye tope lile lile. Bhoke akashuka, akafunga kushoto, akafunga kulia, akapanda. Gari likanguruma, likazama kidogo, likatoka taratibu kama halikuona kitu.

"Kumbe linaweza!" Mganga Mkuu akasema. Kisha akamgeukia Bhoke. "Kwa hiyo kosa lilikuwa lako. Ulikuwa hujui kazi."

Bhoke akainamisha kichwa. Hakunitaja.

"Bosi, hapana," nikasema. "Aliniuliza siku ninamkabidhi funguo. Nilinuna, nikamnyima. Kosa ni langu."

Barua ikafutwa. Mkonga umetolewa kwenye orodha mpaka masika yaishe. Baada ya hapo sijui, na Mganga Mkuu mwenyewe hajui. Hayo mapya yana starehe, siyakatai. Friwili zake zinajifunga zenyewe, dereva hachafui mkono. Lakini kwa mbuga ya kwetu, mimi bado moyo wangu uko kwa lile jitu la chuma, na ningependa liishi kuliko mimi. Kama litakufa, life kwa uzee, lisife kwa sababu mtu mmoja alifunga mdomo.

Jumapili baada ya misa nilikwenda Buswahili kwa yule mama. Nilimkuta ananyonyesha. Nikamweleza yote, friwili, funguo, barua, bila kujipunguzia.

"Kwa hiyo ulikuwa umenuna," akasema polepole.

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilikuwa nang'ata kanga, baba, nisipige kelele nikawatisha walionibeba."

Nilishindwa kunyanyua macho.