Hata Ng'ombe Hukataa Ndama

Mwanangu, nakumbuka siku moja hapo Kitengela, na leo umenifanya niikumbuke kwa hasira. Ati nimesikia ukimwambia mke wako, "Mama gani hapendi mtoto wake? Hata ng'ombe anapenda ndama." Ng'ombe! Wewe uliyekulia kwa ploti, vyumba vya kupanga, ng'ombe umemjulia wapi?

Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, na mtoto mwenyewe ulikuwa wewe. Nilikuzaa kwa uchungu mrefu, damu ikanitoka sana, na ulipoletwa nikageukia ukuta. Sikukuchukia. Sikuhisi kitu, basi. Nyanya yako, mama ya baba yako, alikuwa ametoka Machakos kuja kunisaidia. Badala yake akanirushia hayo maneno ya ng'ombe, akaanza kufunga nguo zangu nirudishwe kwetu, wewe ubaki naye.

Jirani yetu, mama mzee wa Kimaasai tuliyemwita Koko, akaingia na maziwa akayasikia hayo. Alifoka, wewe!

"Ng'ombe gani huyo unajua? Akizaa wakati wa kiangazi, amekonda, amechoka, anapiga ndama teke. Sasa tumpeleke soko ya Kajiado? Tunapaka ndama chumvi ndio mama amlambe. Tunamlisha. Tunakaa na yeye mpaka akubali. Huyu msichana mmempatia nini, kama si matusi?"

Koko akafungua nguo zangu, akazirudisha kwa sanduku, akanipikia uji. Hakuniambia nikupende hata mara moja. Aliniambia nilale. Ukilia njaa anakuleta unyonye, halafu anakuchukua tena. Tukaenda hivyo wiki baada ya wiki. Asubuhi moja ukapiga chafya ukinyonya, ukashtuka mwenyewe, na mimi nikacheka. Koko aliponyoosha mikono akuchukue, nikakataa.

Inaniudhi sana! Watu wanaita wanyama mashahidi wakitaka kumhukumu mwanamke, na zizini hawajawahi kukanyaga. Upendo wa mama unakuja, lakini mwili ukiumia unachelewa, kwa ng'ombe na kwa mtu.

Sasa rudi kwako saa hii. Fua nepi, beba mtoto, mwache mwenzako alale. Mke wako akizidi kulia, mpeleke hospitali, na usimwaibishe. Mungu awape nyumba yenye utulivu na mtoto wa kicheko. Na ukifika, usimuulize kama anampenda mtoto. Muulize kama amekula.