Rufaa ya Maître

Swali lililoninyima usingizi juma lile lilikuwa hili: mtu akishinda mchezo aliostahili kushindwa, autetee ushindi wake au aurudishe? Najua kwa watu wengi hilo si jambo la kumkosesha mtu usingizi. Mimi lilinikosesha. Nililigeuza upande huu na upande ule, mpaka yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, ambaye tunalala chumba kimoja, akavuta shuka lake na kusema, "Weye, kama unataka kuwaza, enda uwazie inje. Minye kesho niko na kazi."

Nilikuwa nimemaliza masomo ya sheria na kurudi nyumbani kwetu mtaa wa Rugenge nikiwa na diploma, nguo mbili za heshima na hofu. Kwetu diploma haitoshi kumfanya mtu wakili. Lazima kwanza wakili mzoefu akubali kukupokea ofisini mwake, ujifunze kazi chini ya jina lake. Hiyo ndiyo tunaita staji. Asiposema ndiyo, huna hata pa kuanzia. Na mimi nilikuwa nimekwisha kumchagua wangu, Maître mmoja, ndivyo tunavyowaita mawakili, mzee wa hapa Uvira. Nilipokuwa mwanafunzi nilimsikia akimtetea mjane mmoja mahakamani, nikatoka pale nikitembea polepole kama watu wanavyotoka kanisani. Kilichobaki kilikuwa kumwomba. Miezi ikapita sijamwomba. Kila mara nilikuwa na sababu nzuri: leo ana kesi, leo mvua, leo ni Ijumaa, na Ijumaa watu wamechoka.

Badala ya kumwomba, nikaingia katika kilabu yake ya sataranji.

Kilabu hiyo haina nyumba wala meza. Imo ndani ya simu. Ilianza wakati barabara zilipokuwa mbaya na mawakili wa ufuko huu wa ziwa wametawanyika, wengine Baraka, wengine Kalemie, wengine ng'ambo Bujumbura. Walikuwa hawana mahakama ya kwenda, wakaanza kukumbukana, ndipo mmoja akapendekeza wacheze. Wanacheza kwa programu ya simu, na maneno yote hupita katika kundi la ujumbe. Wanafunzi wa sheria wanakubaliwa. Hata sisi tulio katikati, tuliomaliza shule na hatujaanza kazi, tunakubaliwa. Humo ndani unaitwa "mwenzangu mpendwa" na watu ambao barabarani ungewapisha njia.

Lakini ukiweka watu wa sheria pahali pamoja, hata kama pahali penyewe ni simu, hawatakaa muda kabla hawajaunda mahakama. Kilabu yetu ina rufaa. Ukishindwa kwa njia unayoona si ya haki, labda umeme umekatika au mtandao umehamia upande wa Burundi ukakuacha hewani, unaruhusiwa kukata rufaa. Wanachama watatu wanachaguliwa kwa kura kuwa waamuzi. Kila upande unatuma ujumbe mmoja tu wa sauti, kwa sababu walipojaribu maandishi watu waliandika kurasa. Anayenyamaza amekubali kosa. Waamuzi wanajitenga, wanajadiliana, wanarudi na uamuzi. Siku ya rufaa hata wale wasiocheza tena wanaingia kusikiliza. Nadhani wengi wanaipenda rufaa kuliko sataranji.

Mimi nilikuwa mchezaji wa kushindwa kwa saa. Kila mchezaji hupewa dakika zake. Zikiisha, ameshindwa hata kama alikuwa anaongoza. Na mimi nikiwa na farasi wa kusogeza, naanza kumfikiria farasi, kisha namfikiria mwenzangu anavyomfikiria farasi wangu, kisha najiuliza kwa nini naogopa farasi, na saa inaisha. Rafiki yangu mmoja wa Sange, ambaye bado anasoma na ambaye huchezea pembeni mwa shamba la mpunga la baba yake maana ndipo mtandao ulipo, aliwahi kuniambia kwamba kucheza nami ni raha, mtu anaweza kwenda kufukuza ndege kwenye mpunga na kurudi, bado niko pale pale.

Halafu kura ikanikutanisha na Maître.

Alinimaliza vizuri. Alichukua mnara wangu mapema, bila haraka. Nilibaki na mfalme na askari wachache waliotawanyika. Kwa hofu, na pia kwa adabu, nikabonyeza kile kitufe cha kuomba sare. Ilikuwa ni kama mtu aliyezungushiwa ukuta kuomba wagawane kiwanja nusu kwa nusu. Ingetosha Maître asogeze kitu chochote, na ombi langu lingekufa lenyewe. Ndivyo watu wote wanavyofanya. Lakini yeye katika maisha yake yote hajawahi kukataa kitu bila kutoa sababu. Akaanza kuandika. "Kwa kuwa mwenzangu mpendwa ameomba sare, kwa kuwa hali ya uwanja haimruhusu kuomba hivyo, kwa kuwa, tena, mnara wake mmoja haupo..." Niliyasoma maneno hayo moja baada ya jingine, na jasho likinitoka, maana yalikuwa mazuri. Zamu ilikuwa yake. Saa iliyokuwa inakimbia ilikuwa yake. Kabla hajafika kwenye uamuzi wenyewe, programu ikatangaza kwamba nimeshinda.

Kundi zima likacheka mpaka mtu wa Kalemie akaandika kwamba mke wake amedhani ni kilio, amekuja kumuuliza kama kuna kifo. Maître hakucheka. Alikata rufaa saa ile ile. Tukapewa Jumamosi, baada ya chakula cha mchana.

Hapo ndipo usingizi uliponitoka. Nikimjibu nikashinda, nimemwaibisha mbele ya watu wake mtu ninayetaka anipokee. Nikinyamaza, nimempa haki yake, maana kweli alinishinda. Lakini je, wakili gani atampokea mtu aliyeiacha kesi yake mwenyewe? Na nikijibu vibaya? Sauti yangu hutetemeka. Itabaki katika simu za watu wote, waweze kuirudia.

Yaya yangu ni mshonaji. Cherehani yake iko kwenye mlango wa mbele, kwa hiyo anajua mambo ya mtaa mzima bila kuinuka. Ijumaa nilikaa kwenye kigoda karibu naye nikamweleza.

"Sikiya," akasema bila kuacha kushona. "Ule muzee alikupiga?"

"Alinipiga."

"Kisha akaanza kuhubiri, saa ikaisha?"

"Ni vile."

"Sasa nani alimutuma kuhubiri?"

Mteja wake, mama mmoja aliyekuwa anasubiri kitenge chake, akacheka akapiga makofi. "Maître wetu," akaniambia, maana mtaani wananiita hivyo kwa mzaha tangu nirudi, "weye jibu tu. Kama anakasirika, ni kwamba alishakasirika tangu zamani."

Lakini yaya hakucheka. Aliinua mguu kutoka kwenye kanyagio na kuniangalia. "Unasema unataka kumurudishia kwa sababu ya haki. Ni haki kweli, ao ni woga?"

Huo ndio ugonjwa wangu, vitu hivyo viwili huvaa nguo moja. Nilikwenda nikaketi nyuma ya nyumba, pale ziwa linapoonekana kati ya mapaa mawili ya bati, nikampigia rafiki yangu wa Sange. Nilimuuliza swali moja. Kama ningecheza na yeye, yeye akaandika "kwa kuwa" mpaka saa ikamwishia, ningemrudishia?

"Weye?" akasema. "Weye ungenicheka mpaka Krismasi."

"Na ukikata rufaa?"

"Ungenijibu. Ungenijibu na ungeleta mashahidi. Mbona unauliza?"

Nikamshukuru. Basi haikuwa haki. Kama ingekuwa haki, ingemfikia na mtoto wa mkulima wa Sange. Nilichokuwa nataka kumpa Maître kilikuwa kitu kingine, na hakikuwa cha kumpa mtu ninayemheshimu.

Jumamosi Maître alituma wa kwanza. Nimewahi kusikia mahubiri mengi mabaya kuliko ujumbe ule wa sauti. Alianza kwa utulivu, akawasalimu waamuzi, akanisalimu na mimi. Kisha akauliza: "Je, tunataka kilabu ambamo mtu akikataa ombi la mwenzake kimya kimya, kama anayefukuza kuku, anapewa zawadi, na yule anayemheshimu mwenzake kwa kumweleza sababu anaadhibiwa? Ndivyo tutawafundisha hawa vijana?" Alisema neno "vijana" kwa namna ambayo hata mimi nilitaka kumpa ushindi.

Zamu yangu ikafika. Niliingia chumbani nikafunga mlango. Mbele ya nyumba cherehani ilikuwa inapiga kelele, ghafla ikanyamaza. Nilimsikia yaya akimwambia mteja, "Ngoja kidogo, mama. Mudogo wangu iko kwa tribinali."

Nikabonyeza. Sauti ilitetemeka mwanzoni, kisha ikachoka kutetemeka.

Nilisema kwamba Maître alikuwa mbele katika mchezo na sitaki mtu yeyote adhani nabisha hilo. Nilisema alikuwa na haki ya kukataa sare, na kwamba angeweza kukataa kwa kusogeza askari mmoja, kisha aandike sababu zake wakati saa inayokimbia ni yangu. Hakuna aliyemzuia. Saa ilikuwa mbele ya macho yake. "Waheshimiwa," nikasema, "wote mnajua mimi nashindwa kwa saa karibu kila juma. Nashindwa kwa sababu nawaza. Sijawahi kukata rufaa nikidai kwamba kuwaza ni kitu kizuri na kwamba saa ilipaswa kunisubiri. Kama saa itasimama kwa anayesema vizuri, basi naomba isimame na kwa anayewaza sana, na michezo yangu yote irudiwe." Kisha nikasema asante, nikatuma, nikalala kitandani kifudifudi.

Uamuzi wao nitausema hapa hapa, ili usimsumbue msomaji kama ulivyonisumbua mimi. Walisema sheria iko upande wangu na mchezo ulikuwa upande wake. Ushindi ukabaki wangu, nami nikaamriwa nimpe Maître mchezo mwingine. Alinipiga tena, mara hii bila kuandika neno.

Lakini nilipokuwa nimelala pale kifudifudi hakuna aliyekuwa anajua hayo. Waamuzi walikuwa wamejitenga, na walituambia wana mengi ya kusema. Na mimi, kama kawaida yangu, nikaanza kuwaza, ila mara hii mawazo yalikwenda upande mzuri. Nikishinda kisha nikaenda kumwomba staji, itakuwa kama nakwenda kumcheka. Nikishindwa kisha nikaenda, itakuwa kama naomba anihurumie. Muda pekee ambao ombi langu lingekuwa ombi tu, halina harufu ya kitu kingine, ulikuwa sasa, kabla hawajarudi. Na staji haiombwi kwa simu. Mtu kama yeye unamwendea.

Nilinawa uso, nikavaa ile nguo moja ya heshima iliyokuwa safi. Yaya aliniona napita. "Umeshinda?" akauliza.

"Bado hawajasema."

"Sasa unaenda wapi?"

"Kwake."

Alitoa pini mdomoni. "Kwake kwake?" Kisha akanyoosha kola yangu, akanisukuma nje.

Anakaa juu kidogo, upande wa milima. Nilipanda kwa haraka ili miguu ifike kabla ya kichwa. Nilimkuta barazani, miwani puani, simu mkononi, mke wake pembeni akichambua maharage. Aliponiona aliangalia simu, akaniangalia mimi, akaangalia simu tena.

"Jambo, Maître. Jambo, mama."

"Jambo. Uamuzi umetoka?"

"Bado, Maître."

"Sasa mupinzani wangu anakuja kufanya nini kwangu, na waamuzi wangali wanajadili? Unataka tuelewane inje ya kesi?"

Mke wake akacheka. "Wacha mutoto akae kwanza."

Sikukaa. Niliogopa kwamba nikikaa nitawaza. "Hapana, Maître. Kesi iko palepale. Nimekuja kwa jambo lingine. Nilimaliza sheria, natafuta pa kufanya staji, na ni kwako ninapotaka. Nimetaka tangu nikiwa mwanafunzi. Naomba unipokee."

Alivua miwani. Kule chini, mtu alikuwa anapiga msumari kwenye bati.

"Na kama nimeshindwa rufaa," akasema polepole, "ombi lako linabaki?"

"Linabaki."

"Na kama nimeshinda?"

"Linabaki, Maître. Ndiyo maana nimekuja sasa."

Alipangusa miwani kwa shati, akairudisha puani. Mke wake alikuwa ameacha maharage.

"Jumatatu," akasema mwishowe. "Kuko mama mmoja anatoka Lemera, anakuja kunieleza mambo ya kiwanja chake. Utakaa kando yangu, utasikiliza, hautasema neno. Tutaona kama unaweza."

Nikamwambia hilo naliweza. Na Jumatatu nilikwenda.