Kiti cha Mbele cha Fanueli

Mtu akikwambia anaijua milima ya huku kuliko Fanueli wa Ihanda, mwambie akalale, kachoka. Miaka kumi na minne Fanueli kabeba mizigo ya wazungu wa serikali kichwani: mahema, masanduku, bafu la bati, na siku moja mbwa aliyegoma kutembea. Gari lenyewe hajapanda hata moja.

Basi mwaka ule wa hamsini na mbili, mzungu mmoja wa shamba la kahawa akataka kuwazungusha wageni wake kwa gari, wapande milima ya Ileje mpaka Rungwe, walale kwenye mahema, watazame wanyama. Akamwita Fanueli apange njia: wapi pana maji, wapi gari litapita, wapi upepo hautang'oa hema. Akamwahidi kwamba yeye ndiye ataongoza, na atakaa mbele na dereva.

Fanueli akatangaza Ihanda nzima. Hata mchungaji aliambiwa asimhesabu Jumapili tatu.

Shida ilikuwa kuandika. Akamwita Gwakisa, kaka wa mkewe Jenista, aliyefika darasa la nne. Hao wawili ni watani; tangu harusi hawajasalimiana bila matusi. Gwakisa humwita Fanueli punda wa serikali na kumpokonya nyama mkononi. Fanueli humwita mwizi wa kuku, na kesho anapokonya yake. Hakuna wa kununa. Mtani hanuniwi.

Fanueli akatandika mkeka uani, akaipanga njia juu yake. Punje ya mahindi, maji. Kokoto, mlima unaoshinda gari. Harage, njia ya simba. Alasiri mbili akaeleza, mpaka mti wa kufungia kamba ya hema. Gwakisa akaandika yote bila tusi hata moja. Fanueli akafurahi, akaona shemeji sasa kawa mtu mzima.

Jumatatu asubuhi akafika shambani na blanketi lake na viatu vya kuazima. Akamkuta Gwakisa kiti cha mbele, karatasi mapajani. Mzungu akampa pole, maana shemeji yake kashamweleza kwamba magoti ya Fanueli yamekwisha. Fanueli akaruka palepale, mara tatu, magoti yaonekane mazima. Wafanyakazi wakacheka.

"Shemeji," Gwakisa akasema dirishani, "wewe umezoea kubeba. Waachie wenzako wabebwe."

Wakacheka zaidi. Si utani huo? Fanueli naye akacheka, angefanyaje, akacheka mpaka vumbi la gari likamjaa kinywani.

Nyumbani Jenista akamwambia asiweke moyoni, kaka yake kamtania tu. Fanueli akamuuliza: nyama akipokonywa, kesho naye anapokonya, hii ataipokonya wapi?

Wiki tatu zikapita. Gwakisa akaja na koti jipya, akaita toka njiani kwamba punda atoke amletee maji.

Fanueli akatoka. Akamvutia kigoda, akakipangusa kwa kiganja.

"Karibu, Bwana Gwakisa. Habari za safari?"

Gwakisa akacheka, akangoja tusi. Akangoja. Jenista mlangoni akajiziba mdomo. Yeye alielewa wa kwanza.

"Nitukane basi, shemeji."

"Nitakutukanaje, bwana, na hatujazoeana?" Fanueli akasema, akampa maji kwa mikono miwili.