Ukurasa wa Meno Machafu

Nilialikwa kwenye kamati ya kuchagua vitabu kwa sababu ya mbao. Nalisema hilo mapema, asije mtu akadhani walinifuata kwa usomi. Shule ya msingi ya mtaani kwetu, Kimandolu, Arusha, ilipata chumba cha kusomea ikakosa rafu. Nikatoa mbao, nikamlipa na fundi, na mwalimu mkuu akaona si adabu kuchukua rafu zangu na kuniacha mimi nje ya mlango. Walitegemea nije, ninywe soda, nitie sahihi, niondoke. Hawakunijua.

Mimi niliishia darasa la nne huko Akheri, baba alipoona migomba inahitaji mikono kuliko ubao unavyohitaji macho. Lakini nasoma. Nasoma polepole, kidole chini ya mstari, na kwa sababu hiyo hakuna neno linaloniponyoka. Maisha yangu nimeyajenga kwa mitumba. Nilianza kwa kutandaza turubai chini, kwenye vumbi, leo nina maduka na watu wanaoniita bosi, na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa hilo.

Sasa kwenye mitumba, mgeni huangalia mbele ya nguo. Anaona ua, anaona rangi, anafurahi, anaondoka nayo. Sisi tunaigeuza ndani nje. Tunaangalia kwapa, tunaangalia mishono, tunaiinua juani tuone kama imeliwa. Niliposikia kazi ni kuchagua vitabu vya maarifa, siyo vya hadithi, yaani vile vinavyomweleza mtoto dunia ilivyo, nikasema hii kazi naijua. Hadithi ikidanganya, ndiyo kazi yake. Kitabu kinachomwambia mtoto "hivi ndivyo ilivyo" lazima kigeuzwe.

Na kwapa la kitabu liko wapi? Mimi nilikuwa naanza na ukurasa wa kitu ninachokifahamu. Kulikuwa na kitabu cha matunda, na ndizi humo ilikuwa moja tu, ya njano, imemenywa nusu. Basi. Mtoto aliyekulia mtori wa ndizi, ambaye nyumbani kwao mgomba unalisha watu na ng'ombe, aje aambiwe ndizi ni hiyo moja? Nikakiweka pembeni. Cha ng'ombe nilikipenda. Kilichora tumbo lilivyo kwa ndani, na mwishoni kikataja mambo ambayo wataalamu wenyewe bado hawajayajua. Kitabu kinachosema "hapa hatujui" nakiamini, kama ninavyomwamini muuzaji anayenionyesha tundu kabla sijaliona.

Nilikosea pia, sikatai. Cha nyangumi kilisema nyangumi ananyonyesha. Nikakitupa upande wa vilivyokataliwa. Mwalimu wa maktaba, binti mdogo mwenye subira, akacheka mpaka akashika meza.

"Mama, ananyonyesha kweli."

"Chuchu ziko wapi?"

"Zimejificha ndani."

"Wewe umeziona?"

"Kwani wewe Mungu umemwona? Mbona kila Jumapili uko kanisani?"

Nikakirudisha. Bahari siijui, na pale nisipojua kidole changu hakina kazi.

Tuliendelea hivyo kila Jumamosi, mimi, huyo mwalimu, mzazi mmoja wa kike aliyewakilisha wenzake, na mwenyekiti. Mwenyekiti ni mzee mstaafu wa ofisi za serikali, aliyehamia kwetu kutoka Tanga akiwa mtu mzima. Mtu mstaarabu, shati limenyooshwa, kila sentensi yake inaanza na "kwa mujibu".

Kitabu kilicholeta ugomvi kilikuja kwenye boksi la msaada. Kilikuwa cha usafi wa mwili, karatasi nzito inayong'aa, michoro ya watoto wanene wanaocheka. Siku hiyo nilikuwa sipo, nimekwenda kufungua marobota, na kamati ikakipa alama za juu. Nakala zilikuwa nyingi, kwa hiyo mwalimu wa darasa la tatu akaomba azijaribu darasani kwanza. Mjukuu wangu yuko darasa hilo. Anaishi kwangu, mama yake anafanya kazi mbali.

Jioni moja nikamkuta kwenye karo nyuma ya jiko, amekunja mgongo, bomba liko wazi. Mkononi ana stiliwaya ya kusugulia masufuria. Mate aliyotema kwenye saruji yalikuwa mekundu.

"Unafanya nini, wewe?"

"Nasafisha."

"Unasafisha nini na kitu cha masufuria?"

"Meno, bibi. Meno machafu."

Nikamnyang'anya. Fizi zilikuwa zimechanika kama kitambaa kibovu. Nikamsukutua kwa maji ya chumvi, akalia, nikamwacha alie, halafu nikamuuliza nani aliyemwambia meno yake ni machafu. Nilikuwa nimeshajiandaa kwenda kugombana na mama wa mtoto fulani.

"Kitabu," akasema.

Akakitoa kwenye begi. Ukurasa ulikuwa na watoto wawili. Wa kwanza ana meno meupe: "Huyu hupiga mswaki kila siku." Wa pili ana meno ya kahawia, yenye mistari na madoa: "Huyu hapigi mswaki. Meno yake ni machafu. Je, ungependa kukaa naye?" Nikasoma na kidole. Nikarudia. Mchoraji alikuwa amepatia kabisa. Ile kahawia ilikuwa yetu.

Nieleze kwa asiye wa huku. Maji ya kuuzunguka mlima wetu wa Meru yana madini ya floridi. Mtoto anayanywa wakati meno yake bado yanajengeka ndani ya fizi, na yanapochomoza yanakuja tayari na rangi yake. Piga mswaki unavyotaka, rangi imo ndani ya jino. Mimi nimekwenda Dar kuchukua mzigo, nikafungua mdomo kusalimia, kabla sijamaliza salamu kijana wa ghala akasema, "Karibu mama wa Arusha." Nikamjibu, "Umejuaje? Haya, nipe mzigo wa Arusha basi, usinipe wa wenye meno meupe." Alicheka, nikacheka, na nikamchekea kwa meno yote.

Lakini mimi ni mtu mzima. Mjukuu wangu alikuwa amechaguliwa kusoma mbele ya wazazi siku ya kufungua chumba, kwa sababu hakuna anayemfikia kwa kusoma darasani kwao.

"Sisomi tena, bibi. Wataona."

"Wataona nini?"

Akafunga mdomo, akaukaza. Nikakaa pale kwenye karo nikiwaza: kitabu, kitu cha kumfungua mtoto, ndicho kilichomfunga.

Jumamosi nikakiweka mezani, kimefunguliwa ukurasa ule.

"Mwenyekiti, naomba kila mtu atabasamu."

"Mama, tuna ajenda."

"Hii ndiyo ajenda. Mwalimu, anza."

Mwalimu alielewa upesi. Alionyesha meno yake: kahawia, kazaliwa Usa River. Yule mzazi wa kike aliyaonyesha kidogo, haraka, kama anayeonyesha kidonda: kahawia. Mimi nikaonyesha yangu bila haraka. Mwenyekiti peke yake ndiye aliyekuwa na meno kama mchele.

"Mmekipa alama za juu kitabu kinachowatukana," nikasema.

Na hapa ndipo nilipokasirika zaidi. Siyo kwamba hawakujua. Nani huku hajui? Mama zetu walitwambia tukiwa wadogo, zahanati wanatwambia, watoto wa sekondari wanafundishwa. Kila mtu mezani alikuwa na ushahidi ndani ya mdomo wake. Lakini lilipokuja kwenye karatasi inayong'aa, tuliyoyajua tuliyaacha nje pamoja na miavuli. Yule mzazi hata alisema, kiganja kikiwa kwenye midomo, "Ila kweli, watoto wetu hawapigi mswaki vizuri."

"Kwa mujibu wa jalada," mwenyekiti akasema, "mwandishi ni mtaalamu wa meno."

"Wa mlima gani?"

Mwalimu akainamisha kichwa asicheke.

"Mama, nisikilize. Meno kuoza ni kweli, huku na Tanga. Tukikitoa hiki, watoto wataona mswaki hauna maana. Kurasa nyingine zote ni nzuri. Ukurasa mmoja usiue kitabu kizima."

Hakuwa anaongea upuuzi, na nilimwambia hivyo. Mswaki hata mimi napiga. "Lakini mimi nikikuta shati lina mkono ulioungua," nikasema, "silitundiki dukani kwa kuwa mkono wa pili ni mzima."

"Kitabu si shati."

"Kweli kabisa. Shati bovu mtoto analivua."

Mwalimu akapendekeza tubandike karatasi kwenye ukurasa ule, tueleze habari ya maji. Mimi kiraka sina ugomvi nacho, kiraka kimenilisha miaka. Mwenyekiti akakataa. Vitabu ni vya msaada, vimeshapigwa mhuri, waliotoa watakuja kwenye ufunguzi, watakuta tumebandika makaratasi kama watu wasio na shukrani. Akaomba tunyooshe mikono. Yule mzazi alinyoosha wa kulia upande wa mwenyekiti, wa kushoto bado uko mdomoni. Mwalimu alikuwa upande wangu, lakini mwalimu mkuu alikuwa ameshaingia, na mkono wake ukaenda alikoenda mwenyekiti. Nikashindwa.

"Sasa mama utang'oa mbao zako?" mwalimu mkuu akanitania.

Nilifikiria. Wallahi, kama wasemavyo majirani zangu, nilifikiria, na bisibisi ninayo. Lakini rafu haikuwa na kosa, na mtu anayeondoka amewaachia chumba.

Siku ya ufunguzi alisoma mtoto mwingine, akajikwaa kwenye kila mstari. Mjukuu wangu alikaa ubavuni kwangu midomo imebana. Mpiga picha alisema tucheke. Nilicheka kwa kila jino nililobakiwa nalo, na kama picha ile imetundikwa mahali, mtaniona.

Tangu hapo, kila Ijumaa chumba kinapofunguliwa mchana, dukani namwachia msichana wangu, nachukua kigoda changu, naketi kando ya rafu ya usafi. Hakuna mtoto anayechukua kitabu kile bila kupita kwangu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Fungua penye meno. Soma."

Anasoma. Namfungulia mdomo wangu.

"Niangalie. Mimi ni mchafu?"

Mara ya kwanza wanaogopa. Halafu wanasogea, wanachungulia kama wanaangalia kisima. "Hapana, bibi."

"Sasa mbona yako hivi? Kiulize kitabu."

Wanafunua, wanafunua, hawakuti.

"Basi hiki hakijui. Ukikuta kitabu hakijui, unafanyaje?"

"Tunauliza mtu."

"Na mtu akikudanganya?"

Hapo wanapiga kelele, kila mmoja na lake, na mwalimu anatugombeza sote.

Mjukuu wangu alikuwa anakuja siku hizo, lakini anakaa meza ya mbali, ametupa mgongo, anasoma vitabu vya wadudu. Stiliwaya aliacha, nilihakikisha. Kucheka hakucheka. Sikumlazimisha. Mdomo ni wake.

Ijumaa iliyopita mwenyekiti akaja. Amesikia maneno.

"Mama, watu wanasema unatisha watoto. Hiki ni chumba cha kusomea, siyo cha maonyesho. Utakaa hapa mpaka lini?"

"Mpaka kitabu kitoke au nitoke. Na mimi nina afya njema."

Alikuwa anatafuta mujibu wake, ndipo katoto ka darasa la kwanza, kameshika kile kitabu kwa mikono miwili, kakamfuata mjukuu wangu kule mezani. Kakamwuliza kwa sauti ile wasiyojua kuishusha:

"Dada, mbona na wewe meno yako kama ya bibi?"

Nilitaka kusimama. Magoti hayakuwahi.

"Ni maji," mjukuu wangu akasema. "Maji ya huku. Hata ya kwako yatakuwa hivi yakiota ya ukubwani. Wewe piga mswaki tu. Lete nikuonyeshe walipokosea."

Akageuza kiti akatuelekea. Akausoma ukurasa ule wote, kwa sauti yake ya darasani, pamoja na lile swali la je, ungependa kukaa naye. Katoto kakasema ndiyo, kakapanda kwenye benchi.

"Na hapa," mjukuu wangu akaendelea, kidole chini ya mstari, "hawakuuliza mtu wa Meru."

Mwenyekiti alinigeukia, akingoja nimnyamazishe. Nikamsogezea kigoda.